Marianne Plehn

Marianne Plehn (30 Oktoba 1863 – 18 Januari 1946) alikuwa mwanazoolojia kutoka Ujerumani anayejulikana hasa kwa utafiti wake wa magonjwa ya samaki. Pamoja na mkuu wake Bruno Hofer anahesabiwa kati ya waanzilishi wa tawi hilo la elimu ya tiba ya wanyama. Vimelea kadhaa alivyovieleza kwa mara ya kwanza bado huwasumbua wafugaji wa trauti na karpi, na kimoja kati yake kilileta mabishano ya miaka mingi miongoni mwa watunzaji wa akwaria. Mwaka 1914 alikuwa mwanamke wa kwanza katika Bavaria kupewa cheo cha profesa.

Familia

Plehn alizaliwa Lubochin katika Prussia Magharibi, eneo ambalo leo ni sehemu ya Poland. Wazazi wake walikuwa na shamba kubwa huko. Dada yake Rose alikuwa mchoraji. Kaka zake wawili, Albert na Friedrich, walikuwa madaktari wa magonjwa ya nchi za joto, na wote wawili walichunguza malaria. Friedrich alifanya kazi kwanza Kamerun, halafu Tanga katika koloni la Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Alifariki mwaka 1904. Kwa hiyo watoto watatu wa nyumba moja walitafuta vimelea ndani ya damu: wawili katika damu ya watu, na mmoja katika damu ya samaki.

Masomo

Alipokuwa kijana, vyuo vikuu vya Prussia havikuwaandikisha wanawake. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1908 tu, wakati Plehn alikuwa ameshafanya kazi ya utafiti miaka mingi. Kama wanawake wengine wengi wa Ulaya wa kizazi chake, alikwenda Zürich nchini Uswisi, ambako wanawake walikuwa wakipokea shahada tangu miaka ya 1860. Alisoma zoolojia chini ya Arnold Lang, mtaalamu wa minyoo bapa wa baharini, akapata udaktari mwaka 1896 kwa kueleza spishi mpya za minyoo hiyo. Mada hiyo inafaa kukumbukwa, kwa sababu ilimfuata baadaye alipokutana na mnyoo wa aina nyingine kabisa.

Kazi München

Mwaka 1898 alihamia München kuwa msaidizi wa Bruno Hofer. Hofer alikuwa akifundisha katika chuo cha tiba ya wanyama na kuongoza kituo cha serikali ya Bavaria cha utafiti wa uvuvi. Ufugaji wa samaki wa maji baridi ulikuwa ukikua haraka. Karpi walifugwa katika mabwawa tangu zamani, na sasa trauti wa upinde wa mvua walikuwa wameletwa kutoka Marekani. Samaki wengi walipowekwa pamoja katika maji machache, vifo vya jumla vilizidi, na wafugaji hawakuwa na mtu wa kuwaambia sababu. Waganga wa mifugo walijifunza farasi, ng'ombe na mbwa; samaki hawakuwemo katika mafunzo yao.

Kituo kilipokea samaki wagonjwa kutoka kwa wafugaji na kurudisha majibu pamoja na ushauri. Kazi hii ya kila siku ndiyo iliyompa Plehn karibu uvumbuzi wake wote. Uchunguzi wa samaki una shida yake: mzoga huoza upesi, na bakteria wa kawaida wa majini huufunika ugonjwa wenyewe katika muda mfupi. Samaki anafaa kuchunguzwa angali hai au punde tu baada ya kufa. Kipande kidogo cha matamvua, ute wa ngozi na tone la damu huwekwa chini ya hadubini kabla ya tumbo kufunguliwa. Plehn alikuwa hodari pia katika kukata tishu vipande vyembamba na kuvitia rangi, hivyo aliweza kuonyesha kimelea pamoja na madhara yake ndani ya kiungo.

Mnyoo wa damu

Mwaka 1905 alitangaza wanyama wadogo sana aliowakuta katika damu ya karpi na samaki wa jamii yake. Aliwapa jina la jenasi Sanguinicola, yaani wakaaji wa damu. Hawakuwa na vikombe vya kunyonyea ambavyo minyoo vimelea wengi wa kundi la bapa huvitumia kujishika. Plehn, aliyekuwa amezoea minyoo bapa wa baharini wanaojitegemea, aliwaweka katika kundi hilo, kana kwamba mmoja wao ameingia kuishi ndani ya samaki. Mwaka 1908 alibadili maoni na kuwahesabu kuwa aina ya tegu. Mwaka 1911 Msweden Theodor Odhner alionyesha kwamba si hili wala lile, bali ni wa kundi lenye mnyoo wa kichocho.

Msomaji wa Afrika ya Mashariki atautambua mwendo wa ugonjwa huu bila shida. Mnyoo mzima huishi ndani ya mishipa ya damu na kutaga huko. Mayai husukumwa na damu hadi kukwama katika mishipa myembamba ya matamvua. Lava hutoboa na kutoka majini, huingia ndani ya konokono, huzaana humo, na kizazi kinachotoka hutafuta samaki mwingine na kupenya ngozi yake. Ludwig Scheuring alieleza mzunguko huu mwaka 1922. Vifaranga vya karpi ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa matamvua yao huziba na kutoka damu. Hatua inayofaa ni ileile ya kichocho: kuwaondoa konokono, kwa kukausha bwawa na kulitia chokaa.

Trauti wanaozunguka

Ugonjwa uliomletea Hofer na Plehn sifa kubwa zaidi uliwapata trauti wachanga wa upinde wa mvua. Samaki walizunguka kama wanaofukuza mkia wao, mkia ukawa mweusi, na wengi walikufa. Waliopona walibaki na kichwa au uti wa mgongo uliopinda. Hofer alikipa kimelea hicho jina Myxobolus cerebralis mwaka 1903, neno la pili likimaanisha ubongo. Mwaka 1905 Plehn alichapisha uchunguzi wa kina wa ugonjwa huo. Alionyesha jinsi kimelea kinavyokula gegedu, ile mifupa laini ya samaki mchanga; gegedu la fuvu likiharibika, samaki hawezi tena kuogelea sawasawa. Alikihamishia kimelea kwenye jenasi mpya aliyoiita Lentospora. Wataalamu wa baadaye walirudisha jina la Hofer, lakini maelezo ya Plehn kuhusu gegedu yalibaki.

Kutokana na maelezo hayo wafugaji walipata njia ya kujikinga ingawa dawa haikuwepo. Vifaranga wakilelewa katika maji safi ya chemchemi mpaka gegedu ligeuke mfupa, kimelea hakiwaangamizi tena. Swali la jinsi samaki wanavyoambukizana lilibaki bila jibu kwa karibu miaka 80. Ni mwaka 1984 tu ambapo Ken Wolf na Maria Markiw walionyesha nchini Marekani kwamba spora zinazotoka kwa samaki hazimwambukizi samaki mwingine moja kwa moja. Ni lazima kwanza ziliwe na mnyoo mwembamba wa matopeni aitwaye Tubifex. Ndiyo maana mabwawa yenye sakafu ya tope yalikuwa hatari kuliko yale ya saruji.

Trauti wa kienyeji wa Ulaya walibeba kimelea hicho bila kudhoofika sana. Aliyekufa ni mgeni kutoka Marekani, ambaye mababu zake hawakuwahi kukutana nacho. Katika miaka ya 1950 kimelea kilivuka bahari kwenda Marekani kwenyewe, na katika miaka ya 1990 kilipunguza sana trauti katika baadhi ya mito ya Milima ya Rocky.

Kuvu na viumbe vilivyofanana nayo

Mwaka 1911 Plehn na Karl Mulsow walieleza kisababishi cha ugonjwa wa kupepesuka wa trauti, wakakiita Ichthyophonus hoferi kwa heshima ya Hofer. Kinajenga vinundu katika moyo, ini na figo. Walikidhani kuwa kuvu; leo kinawekwa katika kundi dogo lililo karibu na asili ya wanyama. Baharini kimewahi kuua samaki aina ya heringi kwa wingi, na trauti wa kufugwa walikipata kwa kulishwa samaki wabichi wa baharini.

Katika akwaria jina hili lilipata umaarufu usiostahili. Kwa miongo kadhaa karibu kila samaki wa mapambo aliyekufa akiwa na vinundu mwilini alisemwa kuwa na Ichthyophonus. Baadaye ilionekana kwamba vingi vya vinundu hivyo ni kifua kikuu cha samaki, kinachosababishwa na bakteria. Kosa hilo lilikuwa na madhara, kwa maana bakteria hao wanaweza kumwingia mtunzaji kupitia mchubuko wa mkono anapoosha tangi.

Mwaka 1912 Plehn alieleza Branchiomyces sanguinis, kinachoota ndani ya mishipa ya damu ya matamvua mpaka vipande vya matamvua vife na kuanguka. Hutokea wakati wa joto katika mabwawa yenye mboji nyingi. Tiba yake ni ya maji kuliko ya samaki: kusimamisha chakula, kuongeza maji mapya, kutoa mizoga na kutumia chokaa.

Alifanya kazi pia juu ya magonjwa ya bakteria ya karpi na uvimbe wa saratani katika samaki. Kuhusu furunkulosi, ugonjwa wa majipu ya trauti uliodhaniwa kuwa wa vituo vya ufugaji tu, alionyesha kwamba upo pia kwa samaki wa mito ya Bavaria.

Miaka ya baadaye

Mfalme Ludwig III wa Bavaria alimpa cheo cha profesa mwaka 1914. Hofer alifariki mwaka 1916, na Plehn aliendelea na kazi kituoni hadi alipostaafu mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1924 alitoa kitabu chake Praktikum der Fischkrankheiten, mwongozo wa vitendo wa magonjwa ya samaki.

Mwaka huohuo aliandika kuhusu ugonjwa wa figo wa trauti na kueleza vimelea alivyovifananisha na amiba. Havikuwa amiba. Vilijulikana baadaye kuwa jamaa wa mbali wa kimelea cha gegedu, navyo sasa huitwa Tetracapsuloides bryosalmonae. Mwenyeji wao wa pili ni mnyama mdogo wa majini anayeishi katika makoloni yaliyoshikamana na mawe na mizizi, na alitambuliwa miongo mitano baada ya kifo cha Plehn.

Alifariki Grafrath, magharibi mwa München, akiwa na umri wa miaka 82.