Alexander Mackay: Miaka Kumi na Minne Bila Likizo

Kila mwisho wa mwaka ukaribiapo, mabasi na magari moshi hujaa wasafiri wanaorudi makwao. Mwalimu aliyepangiwa kazi wilaya ya mbali, karani wa mjini, askari na mwanafunzi wa bweni, wote huhesabu siku wapate kula sikukuu pamoja na wazee wao. Asiyepata ruhusa ya kusafiri hujiona amepungukiwa na kitu kisichonunuliwa kwa mshahara. Leo, ndugu msomaji, tutamtazama kijana mmoja aliyeondoka kwao akiwa na umri wa miaka ishirini na sita, akakaa katika nchi zetu karibu miaka kumi na minne, wala asirudi kwao hata mara moja. Jina lake ni Alexander Mackay, fundi na mmisionari, ambaye habari zake zimo katika historia ya Uganda na ya Tanzania pia.

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, wilaya ya Aberdeen, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Scotland, na tena mtaalamu wa jiografia aliyeandika vitabu vya somo hilo. Mzee huyo hakumpeleka mwanawe shule hata kijana alipokaribia umri wa miaka kumi na minne, bali alimfundisha mwenyewe nyumbani. Mara nyingi walipokuwa wakitembea, baba alisimama na kuchora ardhini kwa bakora yake njia alizopita Livingstone katika Afrika. Kwa hiyo ramani ya bara hili mtoto aliipata kwanza katika vumbi la kijijini kwao, mkononi mwa baba yake.

Lakini moyo wa mtoto ulikuwa zaidi katika vyuma kuliko katika vitabu. Alipenda kushinda kwa mhunzi na kwa seremala, na alikuwa tayari kwenda kwa miguu hadi mji wa Huntly ili aone gari moshi likisimama dakika chache tu. Mama yake alifariki mwaka 1865, kijana akiwa bado hajatimiza miaka kumi na sita. Baadaye alisomea ualimu na uhandisi mjini Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kufanya kazi katika kiwanda cha mitambo mjini Berlin.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo huenda likamshangaza msomaji. Katika Scotland ya siku zile, Wakristo wa madhehebu ya akina Mackay hawakuisherehekea Krismasi. Siku hiyo watu walikwenda kazini kama kawaida, na kwa muda mrefu haikuwa sikukuu ya serikali, mpaka mwaka 1958. Sikukuu kubwa ya nyumbani ilikuwa Mwaka Mpya, ambapo jamaa walikusanyika na majirani kutembeleana. Wajerumani, kwa upande wao, waliitukuza Krismasi kuliko siku nyingine zote. Kijana Mackay, aliyepanga katika nyumba ya mchungaji mmoja wa Berlin, alikuwa basi amekwisha kuujua ugeni kabla hajaiona Afrika: kukaa mezani pa jamaa ya watu wengine, wakati jamaa yako mwenyewe iko ng'ambo ya bahari.

Mwezi Novemba 1875, gazeti moja la London lilitoa barua ya msafiri Stanley, iliyosema kwamba Kabaka Mutesa wa Buganda alitaka walimu. Chama cha wamisionari cha Uingereza, kijulikanacho kwa herufi CMS, kilianza kutafuta watu, na mnamo Januari 1876 Mackay akakubaliwa. Msafara ulikuwa na watu wanane, na yeye ndiye aliyekuwa mdogo wao. Katika kuagana na wakubwa wa chama, aliwaonya kwamba kabla ya kupita miezi sita huenda wakapata habari ya kifo cha mmoja wao, na kwamba habari hiyo isiwavunje moyo, bali wapeleke mwingine haraka kushika nafasi yake. Aliondoka Uingereza mwezi Aprili, na mwishoni mwa Mei 1876 alifika Unguja.

Onyo lake lilitimia upesi. Mmoja wa wale wanane alifariki Unguja mwezi Agosti wa mwaka huo huo. Mackay naye aliugua homa kali njiani akielekea bara, akaamriwa arudi nyuma, na sikukuu za kwanza za mwisho wa mwaka katika Afrika zilimkuta amerudishwa upande wa pwani, wenzake wametangulia. Badala ya kukaa bure akingoja afya, alianza kazi ya kufungua njia ya magari ya ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, mwendo wa maili 230 hivi. Kazi hiyo aliifanya mwaka 1877 pamoja na vibarua wa pwani na wa bara, wakikata miti, wakijaza mabonde na kuvuka mito kwa shoka, sululu na kamba.

Mwisho wa mwaka 1877 ulileta msiba mkubwa zaidi. Mwezi Desemba wenzake wawili, Smith na O'Neill, waliuawa katika kisiwa cha Ukerewe, kwa ugomvi uliowahusu watu wa mtawala Lukonge. Daktari wa msafara alikuwa amekwisha kufa karibu na ziwa mwezi Mei. Wengine wawili walirudishwa kwao kwa ugonjwa. Habari za Ukerewe zilipomfikia Mackay, aliyaacha magari yake nyuma, akaenda mbio hadi Kagei, kusini ya Ziwa Victoria, alikofika mwezi Juni 1878. Kisha akafanya jambo ambalo wengi walilihesabu kuwa wazimu: alivuka kwenda Ukerewe bila silaha, akaonana na Lukonge, wakapatana kwa amani. Novemba mwaka huo aliingia Buganda. Katika wanane walioanza safari, mwaka 1879 alibaki yeye peke yake, kwa kuwa na mwenzake Wilson naye aliondoka kwa njia ya Mto Nile. Wengine walikuja baadaye, wakaugua au wakachoka, wakarudi.

Huko Natete, karibu na ikulu ya Kabaka, Mackay alijenga karakana. Alifua chuma, akatengeneza bunduki za wakubwa, akachonga herufi za mbao za kupigia chapa. Watu wakamwita Mzungu wa kazi. Mwaka 1882, mama yake Kabaka alipofariki, ni yeye aliyeombwa kusimamia utengenezaji wa majeneza makubwa, kazi iliyochukua siku nyingi na mali nyingi. Katika kufundisha alianza na Kiswahili, kwa sababu lugha hiyo ilikuwa imekwisha kuenea barazani kwa njia ya wafanyabiashara wa pwani, na alitumia tafsiri za Askofu Steere wa Unguja. Polepole akajifunza Kiganda na kuanza kutafsiri katika lugha hiyo.

Hata hivyo, sikukuu hazikuwa siku za raha. Siku chache kabla ya Krismasi ya mwaka 1879, aliyekuwa mjumbe wa Mukasa, mungu wa ziwa, aliletwa ikulu kwa shangwe kubwa, na baraza la Mutesa likakata shauri kuziacha dini zote za kigeni, ya Kiislamu na ya Kikristo, na kuzifuata desturi za mababu. Kwa kitambo nyumba ya wamisionari ikawa kama nyumba ya mkoma, watu wakaogopa kuonekana mlangoni. Tumfikirie kijana wa miaka thelathini katika hali hiyo. Barua ya kwao ilichukua miezi mingi kwa wapagazi na kwa mitumbwi, na ilipofika ilisimulia mambo yaliyokwisha kupita zamani. Pongezi za Mwaka Mpya ziliweza kusomwa wakati wa masika.

Wahenga walisema undugu ni kufaana, si kufanana. Mackay hakuoa, wala hakuwa na mtoto. Lakini nyumba yake ya Natete ilijaa vijana waliokuja kujifunza kusoma, wengine wakila na kulala papo hapo, wengine wakitoroka ikulu usiku ili wapate somo. Tarehe 18 Machi 1882 vijana watano walibatizwa, wa kwanza wa misheni yake, na mmoja wao, Sembera, akachagua kuitwa Mackay. Mtu aliyeacha jamaa yake mbali alikuwa sasa amepata watu wa kumwita kwa jina lake.

Undugu huo ulilipiwa gharama kubwa, na walioilipa kwanza si Wazungu. Mutesa alifariki Oktoba 1884, akarithiwa na mwanawe kijana, Mwanga, aliyewashuku wageni kuwa watakuja kumnyang'anya nchi. Mwezi Januari 1885 Mackay na mwenzake Ashe walikuwa wakienda ziwani pamoja na vijana wao, walipokamatwa njiani na askari. Wazungu walifukuzwa warudi nyumbani, vijana wakazuiwa. Zawadi na maombi havikusaidia kitu. Tarehe 31 Januari watatu, Kakumba, Lugalama na Serwanga, waliuawa kwa moto huko Busega. Lugalama alikuwa bado mtoto tu. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga, na mwezi Juni 1886 Waganda wengi, Wakatoliki na Waprotestanti, waliteketezwa Namugongo.

Mwezi Agosti 1886 Ashe naye aliruhusiwa kuondoka, na Mackay akabaki mmisionari pekee wa chama chake katika Buganda yote. Basi Krismasi ya mwaka huo, na Mwaka Mpya ulioifuata, ilimkuta hana mwenzi wa lugha ya kwao nyumbani mwake. Waliokuja kwake walikuja usiku kwa siri, nao walitaka karatasi za kusoma. Mchana alifanya kazi za Kabaka, usiku alitafsiri na kupiga chapa. Mwezi Julai 1887 alilazimishwa kuondoka, akahamia Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi ya Wasukuma.

Si haki kumchora mtu huyu kana kwamba hakuwa na kasoro. Alikuwa na ulimi mkali. Mapadri wa Kifaransa waliofika mwaka 1879 alibishana nao mbele ya Kabaka na mawaziri wake, na hali hiyo ilizidisha mgawanyiko ambao baadaye uliwafanya Waganda wapigane vita kwa majina ya dini. Tena aliamini kwamba mkono wa Uingereza ulihitajika katika nchi hizo, na aliandika hivyo katika barua zake. Waafrika wanaosoma habari zake leo, wakiujua ukoloni uliofuata, wana haki ya kuona kwamba hofu ya Mwanga haikuwa ndoto tupu, ingawa ukatili wake hauwezi kutetewa.

Usambiro hapakuwa mahali pa mapumziko. Mwezi Machi 1888 Askofu Parker alifia hapo, na mwenzake mmoja pia. Mwaka huo huo Mwanga mwenyewe alipinduliwa, na alipokuwa mkimbizi kusini ya ziwa alimwandikia Mackay kuomba msaada, mtu yule yule aliyemfukuza. Mwezi Agosti 1889 Stanley alipita na Emin Pasha, wakiwa njiani kurudi pwani, wakakaa kwa Mackay majuma kadhaa. Hiyo ilikuwa nafasi njema ya kufuatana na msafara mkubwa wenye ulinzi mpaka Bagamoyo, na kutoka huko kupanda meli kwenda kwa baba yake mzee. Mackay aliwakaribisha, akawalisha, akawasindikiza kidogo, kisha akarudi karakanani.

Wakubwa wa chama walikwisha kumwomba aje kwao kupumzika. Mwanzoni mwa Januari 1890, katika siku ambazo watu wa Scotland hutembeleana kwa Mwaka Mpya, aliandika jibu lake. Alieleza kwamba huo haukuwa wakati wa mtu ye yote kuacha mahali pake. Wakileta kwanza watu ishirini, ndipo yeye atakapoweza kufikiri kwenda kuwasaidia kutafuta ishirini wengine. Msomaji aweza kuona ukaidi katika jibu hilo. Lakini tukumbuke kwamba wasomaji wake wa Buganda walikuwa wametawanywa na vita, na kwamba wale waliouawa Busega hawakupata likizo. Mtu aliyewaona vijana wa nyumba yake wakichukuliwa hakuweza kwa wepesi kuhesabu siku zake za mapumziko.

Mwezi mmoja baadaye alishikwa na homa, na baada ya siku chache, tarehe 8 Februari 1890, alifariki, akiwa na umri wa miaka arobaini. Habari za kifo chake zilimkuta baba yake angali hai. Dada yake alizikusanya barua zake na kuzitoa katika kitabu mwaka huo huo, na kwa njia hiyo tunajua mengi ya maisha yake: barua alizoandika kwa ajili ya kufidia sikukuu asizokuwapo, ndizo zilizomhifadhia jina.

Mwaka 1927 mifupa yake ilichukuliwa kutoka Usambiro, ikavushwa ziwa, ikazikwa tena Namirembe, katika kilima cha kanisa kuu mjini Kampala. Hakupelekwa Rhynie. Amelala kati ya watu aliokaa nao, na pengine hilo ndilo jibu la swali ambalo jamaa zake walijiuliza kwa miaka kumi na minne, kila mwaka ulipogeuka: kwamba kijana wao atarudi lini nyumbani.