Selous: Mkali wa magobori ya bei chee aliyelala Rufiji

KILA Simba au Yanga wanapokuwa na mechi ya ugenini dhidi ya Namungo kule Ruangwa, mabasi ya mashabiki hukata Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri kabla ya kuvuka Mto Rufiji kwenye Daraja la Mkapa. Wengi huwa wanabishana kuhusu kikosi muda wote, hivyo hawana habari na barabara ya vumbi inayochepuka kulia pale Kibiti.

Barabara hiyo inapita Mkongo, inafika Mloka na kuishia kwenye geti la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ndani kabisa ya hifadhi hiyo, sehemu inayoitwa Beho Beho, kuna kaburi la Mwingereza aliyeuawa Januari 4, 1917 akiwa na miaka 65. Jina lake ni Frederick Courteney Selous, na kwa karibu miaka 100 pori lote lile liliitwa kwa jina lake.

Wazee wa Rufiji walikuwa wakisema tu wanaishi jirani na Selous, kama vile ni jina la kijiji. Kumbe lilikuwa jina la mtu aliyeanza maisha ya uwindaji na magobori mawili ya paundi 6 kila moja.

ALITOKEA RUGBY

Selous alizaliwa London Desemba 31, 1851. Mwaka 1866 alipelekwa shule ya Rugby, ile ile ambayo mchezo wa raga umechukua jina lake. Kipindi hicho Waingereza walikuwa hawajamaliza ugomvi wao kuhusu soka. Chama cha soka cha England kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1863, na waliotaka kuendelea kukimbia na mpira mkononi wakajitenga na kuunda chama chao mwaka 1871. Selous alikulia kwenye viwanja vya hao waliojitenga. Alikuwa na kifua, mbio na pumzi, na kwenye kuogelea hakuwa mtu wa kumchezea.

Ujasiri wake ulionekana mapema. Januari 15, 1867 alikuwa miongoni mwa mamia ya watu waliokuwa wakiteleza juu ya barafu kwenye ziwa la Regent's Park, London. Barafu ikapasuka, watu wakatumbukia kwenye maji ya baridi kali. Watu 40 walikufa. Selous, aliyekuwa na miaka 15, hakukimbia. Alijilaza kifudifudi na kutambaa taratibu kutoka pande moja la barafu hadi jingine mpaka akafika ukingoni.

Kijana aliyetulia hivyo wakati wenzake wanapiga kelele na kuzama, ndiye aliyekuja kusimama hatua chache mbele ya tembo akiwa na silaha ambayo wengine wasingethubutu kuishika.

BUNDUKI NZURI YAIBWA

Septemba 1871 alishuka Algoa Bay, Afrika Kusini. Alikuwa na miaka 19, paundi 400 mfukoni na bunduki ya kisasa ya mitutu miwili. Safari ikaanza na nuksi. Alipofika kwenye machimbo ya almasi, bunduki ile ikaibwa.

Hapo ndipo ilipozaliwa hadithi yenyewe. Bunduki nyingine ya kiwango kile ingemmaliza mtaji, na bado alihitaji ng'ombe, gari la kukokotwa, vyakula na watu wa kazi. Akaamua kununua vitu vya bei chee: magobori mawili yaliyotengenezwa na kampuni ya Hollis ya Birmingham. Yalikuwa ya aina waliyotumia Makaburu kupigia tembo, hayana urembo wala mistari ndani ya mtutu ya kuizungusha risasi ili iende sawasawa. Kila moja lilikuwa na uzito wa karibu kilo sita, na risasi yake ilikuwa tufe la risasi lenye uzito wa zaidi ya gramu 110. Hiyo ni mara kumi au zaidi ya uzito wa risasi ya bunduki za kijeshi zilizokuja baadaye.

Kwa asiyelijua gobori, kazi yake ni hii. Unamimina baruti kupitia mdomo wa mtutu, unaiweka risasi, unashindilia kwa fimbo, unaweka fataki, ndipo unalenga. Ukikosa, unaanza upya, na tembo hakusubiri. Selous alikuwa akitembea na mfuko wa ngozi wenye baruti ya kawaida ya madukani, anachota kwa mkono na kumimina bila kupima. Kiganja kikijaa sana, bega ndilo linalolipa.

Aliyemfundisha kazi alikuwa Mwafrika, mwindaji wa Kikhoikhoi aliyejulikana kwa jina la Cigar, ambaye kabla ya kuingia porini alikuwa mpanda farasi wa mashindano. Walikuwa wakiwinda kwa miguu, kwa sababu mbung'o waliwaua farasi kwenye maeneo ya tembo. Yaani ni kukimbia na gobori la kilo sita juani, kusimama ghafla, kutuliza pumzi na kupiga ukiwa karibu kiasi cha kuziona kope za mnyama. Straika yeyote anajua ugumu wa kumalizia ukiwa umechoka. Hapa ukikosa hupigwi benchi, unakanyagwa.

TEKE LA GOBORI

Mwaka 1872 alifika kwa Mfalme Lobengula wa Wandebele kuomba ruhusa ya kuwinda. Mfalme alimwona bado mtoto, akamcheka, kisha akamruhusu aende anakotaka. Katika misimu mitatu, 1872 hadi 1874, Selous aliua tembo 78 kwa magobori yale ya paundi 6. Wawindaji waliokuwa na bunduki za bei mbaya walibaki kushangaa.

Lakini bei chee ina gharama zake. Kila risasi ilipotoka, gobori lilimpiga teke la nguvu begani. Siku moja fataki ililia na baruti ikagoma kuwaka. Mbeba bunduki wake, katika haraka ile ya kukimbizana na tembo, akashindilia baruti na risasi nyingine juu ya zile za kwanza. Selous alipofyatua, mizigo yote miwili ikalipuka pamoja. Alinyanyuliwa na kutupwa chini, kitako cha gobori kikavunjika na mkono wake ukaumia vibaya.

Baadaye alikiri kwamba alijuta kuyatumia magobori hayo. Mateke ya miaka mitatu yaliharibu utulivu wake, na hata alipopata bunduki nyepesi na sahihi, mwili ulikuwa umeshajifunza kushtuka kabla ya risasi kutoka. Wapo waliomwita mlenga shabaha bora wa zama zake. Yeye mwenyewe hakuwahi kujiweka huko. Alijijua ni mpigaji wa kawaida mwenye miguu mizuri na moyo mgumu, na kwamba tembo wengi aliwapata kwa kusogea karibu kuliko wengine.

DENI LA LOBENGULA

Sifa zake zilivuka bahari. Aliandika vitabu, alipeleka wanyama na ndege kwenye majumba ya makumbusho, na mwaka 1893 Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ikampa nishani. Theodore Roosevelt, Rais wa Marekani, alikuwa rafiki yake, na Selous alimsaidia kupanga safari ya uwindaji ya mwaka 1909. Walipanda meli moja wakashuka pamoja Mombasa.

Upande wa pili wa sifa hizo hauna makofi. Mwaka 1890 Selous ndiye aliyeongoza msafara wa watu wa Cecil Rhodes kuingia Mashonaland, akiwachongea njia kwenye nchi aliyoijua kwa sababu wenyeji walimkaribisha aizunguke. Miaka mitatu baadaye, vita ya kampuni ya Rhodes dhidi ya Lobengula ilipoanza, Selous alikuwa upande wa kampuni na alijeruhiwa humo. Lobengula alikimbia mji wake na kufa mapema mwaka 1894. Mfalme aliyemruhusu kijana wa magobori kuwinda alipoteza nchi, na kijana huyo alikuwa sehemu ya waliomnyang'anya.

SILAHA ZA MTUMBA RUFIJI

Vita ya Kwanza ya Dunia ilipoanza mwaka 1914, Selous alikuwa kwao England akila pensheni ya umaarufu, anacheza kriketi na kuendesha baiskeli. Akaomba kwenda vitani. Wakubwa wakamkataa kwa sababu ya umri. Akaendelea kusumbua mpaka akapata nafasi kwenye kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kikosi cha ajabu kilichochanganya wawindaji, mabaharia na watu wa sarakasi. Mei 1915 kilishuka Mombasa, naye akiwa na miaka 63. Mwezi Juni alikuwa kwenye mapigano ya Bukoba.

Wakati huo delta ya Rufiji, eneo ambalo leo ni Wilaya ya Kibiti, nayo ilikuwa kwenye vita yake. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliizamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar Septemba 20, 1914, kisha ikajificha kwenye mikoko ya delta. Waingereza waliisaka kwa miezi na kuimaliza Julai 11, 1915. Wakadhani kazi imeisha. Wajerumani wakaopoa mizinga yote 10 ya milimita 105, wakaipeleka Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaitengenezea magurudumu. Mizinga ya mtumba kutoka kwenye meli iliyokufa ikaendelea kupiga nchi kavu kwa miaka.

Askari wa miguu nao walianza vita na silaha za zamani. Makampuni mengi ya jeshi la Wajerumani hapa yalikuwa na bunduki za modeli ya 1871, mwaka ule ule Selous aliposhuka Afrika Kusini. Zilipiga risasi moja moja na kutoa moshi mwingi mweupe uliomwonyesha adui mahali askari alipolala. Mambo yalibadilika meli mbili zilipopenya kuzingirwa kwa pwani, moja Aprili 1915 kaskazini ya Tanga na nyingine Machi 1916 kwenye ghuba ya Sudi, Lindi. Zilileta bunduki mpya na risasi zisizo na moshi. Kuanzia hapo mdunguaji angeweza kukaa kichakani, akapiga, na asionekane.

RISASI MOJA BEHO BEHO

Mwaka 1916 Selous alirudishwa England kwa ugonjwa, akafanyiwa upasuaji na kutunukiwa nishani ya DSO. Kwa umri wake angeweza kustaafu hapo kwa heshima zote. Hakutaka. Alirudi mbele akiwa kapteni, wakati kikosi chake kilikuwa kimemalizwa na malaria na kuhara kuliko risasi.

Siku za kwanza za Januari 1917 majeshi ya Jenerali Smuts yalikuwa yakiwasukuma Wajerumani kutoka Mto Mgeta kwenda Rufiji. Asubuhi ya Januari 4, pale Beho Beho, kampuni ya Selous ilikuwa chini ya moto wa wadunguaji. Alikuwa mbele na watu wake, kama alivyozoea kusogea karibu na tembo. Akanyanyua kichwa kutafuta risasi zinatokea wapi. Moja ikampata kichwani, akafa pale pale.

Hakukuwa na moshi wa kumwonyesha aliyepiga. Mtu aliyekulia kwenye kishindo cha gobori, ambapo mpigaji na mpigwa huonana macho kwa macho, aliuawa na asiyemwona. Alizikwa hapo hapo pamoja na wenzake walioanguka siku hiyo. Mwaka mmoja baadaye kamili, Januari 4, 1918, mwanawe Freddie, rubani wa kivita, naye aliuawa angani Ubelgiji.

JINA NA PORI

Mwaka 1922 Waingereza waliliita pori lile Selous. Mwaka 1982 liliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Kisha bunduki zikarudi kwa namna nyingine. Tembo waliokuwa zaidi ya 100,000 katikati ya miaka ya 1970 walibaki takribani 13,000 ilipofika 2013, kazi ya majangili. Tembo 78 wa magobori ni tone kwenye bahari hiyo, ingawa soko la pembe za ndovu ni lile lile alilowindia Selous.

Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, kilometa za mraba 30,893, ilikatwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Jina la Selous limebaki kwenye kipande kilichosalia. Kaburi lake sasa liko ndani ya hifadhi yenye jina la Baba wa Taifa, na wageni wanaoingia kwa geti la Mtemere bado hupelekwa kuliona.