Grace Hopper, mwalimu wa hesabu aliyeanza kujifunza kompyuta akiwa na miaka 37

Tarehe 2 mwezi wa saba mwaka 1944, mwanamke mmoja mwembamba mwenye kuvaa nguo za kijeshi aliingia katika jengo moja la chuo kikuu cha Harvard, huko Marekani. Mbele yake kulikuwa mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15 na uzito wa karibu tani 5, ikipiga kelele mchana na usiku. Ilikuwa ikiitwa Mark I. Mwanamke huyo hakuwa amewahi kuona kompyuta.

Mkubwa wake mpya, Howard Aiken, hakumpa hata siku ya kupumzika. Alimwonyesha mashine, akampa kitabu kidogo cha alama zake, kisha akamwambia afanye hesabu moja ndefu ya trigonometria na kuimaliza ndani ya juma moja. Ndivyo Grace Hopper alivyoanza kazi ambayo ilibadilisha namna watu wanavyozungumza na kompyuta.

Saa saba zilizofunguliwa

Grace Brewster Murray alizaliwa New York tarehe 9 mwezi wa kumi na mbili mwaka 1906. Akiwa mtoto wa miaka saba, alitaka kujua saa ya kuamshia inafanya kazi namna gani. Alifungua moja, ikamshinda kuirudisha, akafungua ya pili, mpaka akafikia saba. Mama yake alipogundua, hakumkataza kabisa. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea.

Alisoma matematiki na fizikia katika chuo cha Vassar, akamaliza mwaka 1928. Mwaka 1934 alipata doktora ya matematiki katika chuo kikuu cha Yale, jambo lililokuwa nadra kwa wanawake wa wakati huo. Alikuwa ameolewa na Vincent Hopper, na alikuwa akifundisha Vassar. Maisha yake yalionekana yamekwisha kupangwa.

Vita ya Pili ya Dunia ilivuruga yote. Grace Hopper alitaka kuingia katika jeshi la majini. Alikataliwa: umri wake ulikuwa umepita, na uzito wake ulikuwa karibu kilo 48, wakati jeshi lilitaka karibu kilo 54. Hakukata tamaa. Aliomba ruhusa ya pekee, akaipata, na mwezi wa kumi na mbili mwaka 1943 akaingia. Katika mafunzo ya maofisa alitoka wa kwanza.

Kujifunza bila shule

Siku hizi, mtu anayeanza kujifunza programu anaweza kutafuta masomo kwenye intaneti, kufanya mtihani na kupata cheti. Mwaka 1944 hakukuwa shule ya kazi hiyo, hakukuwa mwalimu wala diploma. Waliokuwa wakijua kuandikia Mark I maagizo walikuwa wachache sana. Wawili kati yao, Richard Bloch na Robert Campbell, walikuwa vijana kuliko Hopper. Inasimuliwa kwamba kabla hajafika, hakuna aliyetaka meza yake iwekwe karibu na ya yule mwalimu mwanamke.

Huyo daktari wa hesabu hakuona haya kuwa mwanafunzi wa vijana hao. Aliwauliza, akaangalia namna wanavyofanya, akaandika. Kila agizo lilipaswa kutobolewa kama matundu kwenye utepe wa karatasi. Tundu moja likikosewa, hesabu yote inaharibika. Mashine yenyewe ilikuwa ikifanya hesabu tatu za kujumlisha kwa sekunde moja, lakini kugawanya mara moja tu kulikuwa kunachukua zaidi ya sekunde 15.

Kazi yao ilikuwa ya siri. Mwaka huohuo, mtaalamu John von Neumann aliwaletea hesabu ngumu bila kuwaeleza zilikuwa za nini. Baadaye ilijulikana kuwa zilihusu bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi huo ilikuwa ikitoka Congo, katika machimbo ya Shinkolobwe, Katanga. Wachimbaji wa huko na wataalamu wa Harvard walikuwa wakitumikia kazi moja bila wao kujua.

Kisha Aiken akamwagiza Hopper aandike kitabu cha kueleza Mark I kutoka mwanzo hadi mwisho. Kilitoka mwaka 1946, kikiwa na kurasa zaidi ya 500. Mtu aliyekuja bila kujua kitu ndiye aliyewaandalia njia wengine.

Miaka ya giza

Amani haikumletea raha. Ndoa yake ilivunjika mwaka 1945. Harvard haikumpa nafasi ya kudumu, na mwaka 1949 aliondoka. Uchovu na mahangaiko vilimwingiza katika ulevi, mpaka mwaka huo alikamatwa na polisi kule Philadelphia. Marafiki na wakubwa wake wa kazi hawakumtupa, naye akainuka polepole.

Katika kampuni ya Eckert na Mauchly, waliokuwa wakitengeneza kompyuta ya UNIVAC, aliona tatizo moja. Waandikaji wa programu walikuwa wakinakili vipande vilevile kutoka daftari la mmoja hadi la mwingine, na kila mara walikosea: herufi B ikasomwa kama 13, alama nyingine ikageuka 4. Hopper alijiuliza kwa nini mashine isifanye kazi hiyo yenyewe. Mwaka 1952 alionyesha programu iliyoitwa A-0, ambayo ilikusanya vipande hivyo na kuviunganisha. Wengi hawakumwamini. Kwao, kompyuta ilikuwa ya kufanya hesabu tu, haikuweza kuandika programu.

Siku mashine ilipopokea Kifaransa

Hakuishia hapo. Aliona kwamba watu wa biashara na wa ofisi wataogopa kompyuta daima ikiwa lazima waandike alama za hesabu tupu. Alitaka waandike kwa maneno ya kawaida. Ili kuwashawishi wakubwa wa kampuni, yeye na wenzake walitengeneza programu ndogo yenye maagizo ya Kiingereza. Kisha wakaonyesha programu ileile kwa Kifaransa, na tena kwa Kijerumani.

Wakubwa walishtuka. Hawakuelewa namna gani kompyuta iliyotengenezwa Pennsylvania inaweza kupokea Kifaransa. Lakini kwa mashine, neno la lugha yoyote ni alama tu, na kila alama inageuzwa kuwa namba. Ilimchukua Hopper miezi kadhaa kuwatuliza, akiwaahidi kwamba atatumia Kiingereza peke yake.

Kutokana na kazi hiyo ilizaliwa lugha ya FLOW-MATIC. Mwaka 1959, watu wa serikali, jeshi na makampuni walianza kuandaa lugha moja ya pamoja, COBOL. Hopper hakuiandika peke yake. Wengi walishiriki, lakini FLOW-MATIC ilikuwa msingi mkubwa. COBOL ilienea katika mabenki na ofisi za serikali, na hata leo inatumika.

Mwalimu mpaka mwisho

Mwishoni mwa mwaka 1966 jeshi lilimpa pensheni. Mwaka uliofuata lilimwita tena kwa miezi sita. Hiyo miezi sita ikawa karibu miaka ishirini. Alipostaafu mwezi wa nane mwaka 1986, alikuwa na miaka 79 na cheo cha admirali.

Miaka hiyo alizunguka akifundisha. Alizoea kugawia wasikilizaji kipande cha waya chenye urefu wa karibu sentimita 30: ndio umbali ambao umeme hauwezi kuupita ndani ya nanosekunde moja. Ofisini mwake kulikuwa saa ya ukutani inayozunguka kinyume, ili kila anayeingia aone kwamba mazoea si sheria.

Grace Hopper alikufa tarehe 1 mwezi wa kwanza mwaka 1992, akiwa na miaka 85, na alizikwa katika makaburi ya Arlington. Meli moja ya kivita ya inchi yake ina jina lake. Mwaka 2017, Yale iliita moja ya vyuo vyake kwa jina lake. Lakini urithi wake uko pia mikononi mwa kila anayeanza leo, mkubwa ao mdogo, anapoandika agizo lake la kwanza kwa maneno, wala si kwa matundu kwenye karatasi.