Profesa Kupchan na Mti wa Shimba Hills

Sisi wa Kitui na Makueni uki tunaujua. Asali na maji hutiwa kibuyuni pamoja na tunda kavu la muatine, kisha kibuyu huwekwa karibu na moto. Viumbe wadogo wasioonekana hula ile sukari na kutoa kileo. Mzee hajawahi kuwaona viumbe hao, lakini kazi yao anaijua! Shikeni hilo akilini, maana tutalirudia.

Profesa S. Morris Kupchan alizaliwa mwaka 1922 huko New York, Marekani. Alipata shahada ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1945. Alifundisha Harvard, kisha Wisconsin, na mwishowe Chuo Kikuu cha Virginia.

Sifa yake kubwa ilikuwa subira. Alichukua mmea, akaukamua dawa yake, akaigawa mafungu mafungu, na kila fungu likajaribiwa juu ya seli za saratani. Fungu lililoua seli aligawa tena, na tena, hadi abaki na kitu kimoja tu. Si mchezo! Wanakemia hadi leo wana njia ya kugawa inayoitwa kwa jina lake.

Mwaka 1972 yeye na wenzake walitangaza dawa ya maitansini, iliyotoka katika mti wa jamii ya Maytenus kutoka Ethiopia. Ilikuwa kali ajabu, lakini kilo nzima ya mti haikutoa hata miligramu moja. Hapo ndipo Kenya ilipoingia. Ndugu ya mti huo, Maytenus buchananii, aliota Shimba Hills kule Kwale, naye alikuwa na dawa zaidi. Basi Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani ikavunisha zaidi ya tani 27, yaani miti yote mikubwa ya huko. Miaka minne baadaye ilipotakiwa mingine, kupata tani 8 tu kulikuwa taabu, kwa sababu miti haikuwa imeota tena vizuri. Yeyote aliyeona mti wa dawa ukikauka baada ya kuchimbwa mizizi hatashangaa.

Kupchan alifariki mwaka 1976. Mwaka mmoja tu baadaye, 1977, wanasayansi wa kampuni ya Takeda ya Japani wakatangaza kwamba kuna bakteria wanaotengeneza vitu vya ukoo mmoja na maitansini. Shoka la nini tena? Bakteria hutiwa tangini pamoja na chakula chao, joto na hewa vikapimwa, mchanganyiko ukaachwa uchachuke. Si ni ule uki wetu, ila wa aina nyingine?

Maitansini yenyewe ilipojaribiwa kwa wagonjwa ilionekana sumu mno, ikaachwa. Lakini ile ya bakteria ilibadilishwa kidogo, ikafungwa kwenye kingamwili inayoifikisha kwenye seli za saratani. Dawa hiyo, Kadcyla, iliidhinishwa Marekani mwaka 2013 kutibu aina moja ya saratani ya matiti.

Tena kuna hili, ambalo nadhani Profesa angelifurahia kuliko yote. Mwaka 2014 watafiti waliochunguza Putterlickia, jamaa ya Maytenus, walionyesha kwamba hata humo mtini maitansini ni kazi ya bakteria. Kumbe walikuwa wamejikalia mizizini siku zote!