Louis Boutan: mutu aliyeshusha kamera chini ya bahari

Kama unaishi Goma, Bukavu, Uvira, Baraka ao Kalemie, ziwa unalijua. Unajua vile wasafiri wa bato na piroge wanafunga telefone mu sashe mbili, tatu, juu ya kuogopa maji. Unajua pia kama sashe inaweza kukudanganya: juu ya maji iko sawa, lakini ikizama kidogo tu, maji inapata njia.

Shida hiyo si ya leo. Zaidi ya miaka 130 iliyopita, mwalimu mumoja wa Ufaransa alipambana nayo ku bahari, na namna alivyoishinda inaweza kutufundisha kitu mpaka leo. Jina lake Louis Boutan. Wengi wanaopiga foto chini ya maji wanamuhesabu kuwa baba wa kazi yao.

Mwalimu aliyependa konokono wa bahari

Louis Boutan alizaliwa tarehe 6 mwezi wa tatu mwaka 1859 ku Versailles, karibu na Paris. Alisoma elimu ya viumbe. Mu mwaka 1880, akiwa kijana wa miaka 21 tu, alitumwa mbali sana, ku Melbourne inchini Australia, fasi kulikuwa maonyesho makubwa ya mataifa. Alitumia nafasi hiyo kuchunguza wanyama wa kule. Aliporudi, akawa mwalimu wa chuo kikuu, na moyo wake ukaelekea zaidi viumbe vya bahari: konokono, chaza na vingine vyenye magamba.

Kazi hiyo ilimupeleka Banyuls-sur-Mer, kakijiji ka wavuvi kusini mwa Ufaransa, karibu na mupaka wa Uhispania. Kule kulikuwa laboratwari inayoitwa Arago, iliyoanzishwa na mwalimu mwenye sifa, Henri de Lacaze-Duthiers. Boutan hakutaka kungojea wavuvi wamuletee viumbe vimekwisha kufa. Alizama yeye mwenyewe.

Usifikiri kuzama kwa wakati ule kulikuwa kama kwa leo. Muzamiaji alivaa nguo nzito, kofia kubwa ya shaba yenye vioo, na viatu vya risasi. Hewa ilitoka juu, mu bato, fasi watu walikuwa wanasukuma pompi, ikashuka mu mupira murefu mpaka ku kofia. Pompi ikisimama, maisha iko mu hatari.

Kule chini Boutan aliona majani, majiwe na samaki wa rangi ambavyo watu wa inchi kavu hawakuwahi kuona. Lakini akipanda juu, alibaki na maneno tu ya kusimulia. Akaamua kuleta foto.

Kabla yake maji ilishinda

Kulikuwa mutu aliyejaribu mbele. Mu mwaka 1856, Muingereza William Thompson alishusha kamera ndani ya sanduku mu bahari ya Weymouth, kusini mwa Uingereza. Yeye alibaki mu bato, akavuta kamba juu ya kufungua sanduku na kuacha mwangaza uingie. Maji ikapenya mpaka mu kamera. Kwa bahati, kioo chenye picha hakikuharibika kabisa, na foto hafifu ilipatikana. Thompson hakuendelea na ile kazi.

Ndiyo kusema adui wa kwanza wa foto ya chini ya maji hakuwa giza wala samaki wakali. Alikuwa tundu ndogo ambayo jicho haioni.

Sababu gani maji inaingia kwa nguvu

Kamata bidoni ya plastike, tupu, iliyofungwa vizuri. Ukiizamisha mu ziwa kwa mikono, inakataa. Ukiifungia jiwe kubwa na kuiacha ishuke, itajikunja kama mutu ameikanyaga. Ni maji inayoisukuma toka pande zote. Kila unaposhuka mita 10, presio inaongezeka karibu sawa na uzito wote wa hewa tunayobeba juu ya bahari. Ku mita 10 presio iko mara mbili, ku mita 20 mara tatu.

Sanduku ya kamera iko vile vile. Ndani kuko hewa ya kawaida, inje kuko maji inayosukuma kwa nguvu. Fasi kifuniko na sanduku vinakutana, fasi kioo cha mbele kimeingizwa, fasi fimbo ya kubonyeza inapita, kote maji inatafuta mulango. Ikipata ufa wa unywele, inaruka ndani. Fundi anaweza kuongeza chuma na kukaza vise, lakini sanduku inakuwa nzito sana, na ukishuka zaidi, maji inaongeza nguvu tena.

Kupatanisha ndani na inje

Louis alikuwa na ndugu yake Auguste, enjenia. Wao wawili wakatengeneza, mu mwaka 1893, sanduku ya shaba yenye vioo, na ndani yake wakaweka kamera ndogo. Juu ya kufunga vizuri walitumia mipira na vise kama kila fundi. Lakini waliongeza kitu kimoja chenye akili: puto ya mupira iliyojaa hewa, iliyounganishwa na sanduku.

Iko hivi. Sanduku inaposhuka, maji inafinya puto. Hewa ya puto inakimbilia ndani ya sanduku. Kadiri presio ya inje inavyopanda, ya ndani nayo inapanda, kisasi kimoja. Maji ikifika ku mulango, inakuta hewa inasimama pale na nguvu sawa na yake. Hakuna tena kitu cha kuisukuma iingie. Na sanduku inapopanda, hewa inarudia mu puto.

Hesabu yake si ngumu. Ku mita 10, puto inapaswa kutoa hewa yenye kulingana na ile iliyo mu sanduku. Ku mita 20, mara mbili yake. Puto ikiwa ndogo, inaisha, na hapo maji inaanza tena kushinda.

Ukiangalia vizuri, utaona kama kamera ilipewa ile ile dawa iliyokuwa inalinda muzamiaji. Yeye pia hakuwa anaokolewa na ugumu wa nguo yake, lakini na hewa iliyokuwa inasukumwa ndani, yenye presio ya kule chini.

Dakika 30 bila kutikisika

Sanduku ikiwa kavu, vita ilikuwa haijaisha. Chini ya maji mwangaza ni kidogo, na vioo vya foto vya wakati ule vilikuwa vizito kushika picha. Foto moja iliweza kuomba hata dakika 30. Kamera iliwekwa ku miguu ya chuma, ikabebeshwa uzito, na Boutan alingojea pale chini mu kofia yake. Fikiri sasa: ukingoje nusu saa, kisha ukute maji iliingia. Kazi yote imepotea, na ni kushuka tena.

Juu ya kupunguza muda, alitafuta taa. Taa moja ya kwanza, iliyochoma magnesiamu mu chupa ya kioo, ilikuwa inapasuka. Kisha wakatengeneza pipa kubwa lenye oksijeni, na juu yake taa ya alkoli iliyofunikwa na kioo. Ukifinya mupira, unga wa magnesiamu unarukia moto na mwangaza unawaka. Mwisho alitumia taa za umeme zilizoshushwa mu maji, na mu mwaka 1899 akapata foto ku urefu wa karibu mita 50, kamera ikiendeshwa toka juu.

Ile foto yake inayojulikana zaidi inaonyesha muzamiaji, mwana-sayansi wa Romania Emil Racoviță, akiwa na kofia na nguo zake chini ya bahari ya Banyuls. Mu mwaka 1900 Boutan alitosha kitabu kizima juu ya kupiga foto chini ya maji, ili wengine wasianzie sifuri.

Hakubaki ku kamera

Mu mwaka 1904 alikwenda Indochina, inchi ambayo sehemu yake leo tunaiita Vietnam, kwa kazi ya elimu. Alifuga kanyani kadogo ka aina ya giboni na kuchunguza sauti zake. Baadaye aliandika sana juu ya lulu, wakati wafanyabiashara walikuwa wanabishana kama lulu inayopandwa ndani ya chaza na Wajapani ni lulu ya kweli. Miaka yake ya mwisho aliipitisha Algeria, na kule njo alikufa mu mwezi wa ine mwaka 1934, akiwa na miaka 75.

Kamera yako ikivuja leo

Sanduku za leo nyingi hazina puto. Ni ngumu, na zinafungwa na mupira wa duara kama pete. Lakini sheria ya maji haijabadilika. Unywele mumoja, chembe ya muchanga ao uzi wa nguo ukilala juu ya ule mupira, ni mulango. Kwa hiyo, mbele ya kuzama, safisha mupira na fasi yake, paka mafuta yake kidogo sana, funga. Kisha zamisha sanduku tupu, bila kamera, mu basini ya maji. Ukiona vibulu vinapanda musururu, kuko tundu.

Usichanganye pia ukungu na kuvuja. Hewa ya joto yenye unyevu, ukiifungia ndani na kuishusha mu maji ya baridi, inafanya kioo kione ukungu. Lakini ukiona matone yanatembea ndani, hayo ni maji. Hapo usijaribu foto moja ya mwisho. Panda juu pole pole, elekeza kioo chini ili maji ikusanyike mbali na batri, kausha inje, fungua, tosha batri, na usiwashe kitu. Ikiwa ni maji ya bahari, wahi fundi, juu chumvi inakula chuma haraka. Maji ya ziwa ina nafuu kidogo, lakini nayo haina urafiki na umeme.

Ndugu wawili wa Boutan walishughulikia uvujaji mbele ya kushusha kamera, wakiwa bado juu, mu karakana. Hata leo, njo pale kamera inaokolewa.