Sidney Sheldon: Bwana wa jini la chupa aliyetukosesha usingizi

Sisi tuliosoma sekondari Mombasa miaka ya tisini twamjua Sidney Sheldon kwa sura moja: kitabu kilichochakaa, kimefunikwa gazeti, kinapita mkono hadi mkono mpaka gundi inaachia. Lile gazeti lilikuwa na kazi mbili. Lilihifadhi jalada, na lilimzuia mama asione picha iliyoko juu. Sitawadanganya, ndani ya vitabu vile mna mambo ambayo mtu hasomi mbele ya wazee wake. Changu cha kwanza, The Naked Face, nilikinunua kwenye vitabu vya mtumba vilivyotandazwa kando ya barabara, na kurasa za mwisho hazikuwamo. Nilikaa wiki mbili nzima nikimtafuta muuaji mtaani, mpaka nikapata mwenzangu mwenye nakala iliyotimia.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba aliyeiandika riwaya hiyo alikuwa ameshapita miaka 50, na kwamba mkate wake ulikuwa ukitokana na kuwachekesha watu kwenye televisheni.

Alizaliwa Chicago, Marekani, tarehe 11 Februari 1917, katika familia ya Kiyahudi. Jina la ukoo lilikuwa Schechtel; la Sheldon alijichagulia baadaye alipokuwa akitafuta bahati. Ujana wake uliangukia miaka ya mdororo mkubwa wa uchumi, kazi hamna, nyumbani hamna kitu. Ana miaka 17 tu, aliamua kuyakatiza maisha yake. Mambo haya aliyaeleza mwenyewe uzeeni, katika kitabu cha maisha yake kilichotoka 2005. Baba yake aliingia ghafla, akaona kinachoendelea, na hakupiga kelele. Alimtaka watoke watembee kidogo. Njiani akamwambia kuwa maisha ni kama riwaya, kila siku ni ukurasa, na hakuna ajuaye ukurasa wa pili una nini mpaka aufunue. Kijana akarudi nyumbani, akaendelea kuishi.

Mwaka wa 1937 akaenda Hollywood, akaanza chini kabisa kwa kuzisomea kampuni za filamu miswada na kuifupisha. Nyota yake ilipanda haraka. Mwaka wa 1948 alipokea tuzo ya Oscar kwa hadithi ya filamu ya The Bachelor and the Bobby-Soxer, aliyocheza Cary Grant. Kisha ikashuka. Filamu yake ya 1957 kuhusu mchekeshaji Buster Keaton ilianguka vibaya, na milango iliyokuwa wazi ikafungwa. Miaka miwili baadaye akainuka tena kwa tuzo ya Tony, kwa mchezo wa muziki wa Redhead. Maisha yake yote yalikwenda hivyo, kama jahazi kwenye mawimbi ya kusi.

Mwaka wa 1963 akahamia televisheni na The Patty Duke Show, ambamo msichana mmoja anacheza nafasi za mabinamu wawili wanaofanana kama shilingi kwa ya pili. Vipindi vingi aliviandika peke yake. Halafu 1965 akabuni I Dream of Jeannie: mwanaanga wa Marekani anaokota chupa kisiwani, anaifungua, anatoka jini wa kike mzuri anayemwita bwana wake na kumvuruga maisha kwa miaka mitano. Sisi wa Pwani tuliolelewa kwa hadithi za majini hatuwezi kuipata ile mpya, ila ya kwetu yalikuwa hayachekeshi. Kilichonichekesha mimi ni kuwa wakubwa wa NBC walishughulika sana kuhakikisha kitovu cha jini hakionekani. Naye Sheldon aliandika vipindi vingi mno hata akaanza kutumia majina ya bandia, ili jina lake lisijae kwenye kioo kila wiki.

Lakini mtu huyo aliyechekesha taifa zima alikuwa mgonjwa. Alikuwa na baipola, maradhi yanayompandisha mtu juu kwa furaha na nguvu zisizo na kiasi, kisha yakamtupa shimoni. Wala ushindi haukumkinga. Hapa nasita kidogo, kwa sababu kuna jamaa yangu wa karibu aliyekuwa mchekeshaji wa baraza letu, kisha akawa hatoki chumbani miezi. Tukaambiwa ana jini. Miaka minne tulimzungusha kwa waganga, mbuzi wakachinjwa, pesa zikaisha, ndipo mtu mmoja akatuambia tumpeleke kwa daktari wa akili. Leo anakunywa dawa zake na ana duka. Sheldon alijua jina la ugonjwa wake na akatibiwa, na akayasema hadharani.

Riwaya ilimjia kwa sababu ya kikazi. Alikuwa na wazo la daktari wa akili ambaye watu wanaomzunguka wanauawa, polisi wanamshuku yeye, na lazima atumie akili yake mwenyewe kumjua anayemwinda. Kamera haiwezi kuonyesha mtu anavyowaza. Kitabu chaweza. Wachapishaji kadhaa walimkataa kabla ya kampuni ya William Morrow kuikubali, na The Naked Face ikatoka 1970. Ikateuliwa kuwania tuzo ya Edgar ya riwaya ya kwanza bora, lakini sokoni haikutikisa. Mtu mwingine wa umri ule angerudi kwenye vichekesho vyake. Yeye akaandika The Other Side of Midnight, na kuanzia hapo hakushikika.

Hakuwa akiketi na kalamu. Alimsimulia karani hadithi kwa mdomo, kisha akaifumua na kuisuka upya mara nyingi, hata mwaka ukapita. Kila sura aliikata pale pabaya, mtu yuko mlangoni na hujui ana nini mkononi, ili usiweze kuzima taa. Wahakiki walimdharau, na ni kweli si kila riwaya yake ina uzito. Nami nikikumbuka yale matembezi na baba yake, naona alipoipatia hila hiyo.

Alifariki California tarehe 30 Januari 2007, akiwa na miaka 89, vitabu vyake vikiwa vimeuzwa zaidi ya nakala milioni 300. Tangu 2009 zimetoka riwaya nyingine zenye jina lake kubwa kwenye jalada, lakini mwandishi wake ni Tilly Bagshawe. Kwa hivyo ukiinama kwenye vitabu vya mtumba, soma na lile jina dogo. Na uhesabu kurasa za mwisho kabla hujalipa.