Phillip Omondi

Phillip Omondi (1957 – 1999) alikuwa mchezaji wa mpira wa miguu kutoka nchini Uganda. Alicheza kama kiungo mshambuliaji na mshambuliaji katika klabu ya KCC ya Kampala na katika timu ya taifa, "The Cranes".

== Klabu ==
KCC ilianzishwa mwaka 1963 kama timu ya wafanyakazi wa halmashauri ya jiji la Kampala. Omondi alijiunga nayo akiwa bado kijana, na haikupita miaka mingi ikawa timu ya kuogopwa: ilitwaa ubingwa wa Uganda mwaka 1976 na 1977. Mwaka 1978 ilichukua Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati kwa kuifunga Simba ya Tanzania kwa mikwaju ya penalti, baada ya dakika zote kwisha bila bao.

== Timu ya taifa ==
Uganda ilishinda Kombe la Chalenji mwaka 1976 na 1977, lakini jina la Omondi lilivuka mipaka ya Afrika Mashariki katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1978 nchini Ghana. Huko Kumasi Uganda iliifunga Kongo 3–1, ikafungwa na Tunisia 3–1, kisha ikaitoa Moroko, waliokuwa mabingwa watetezi, kwa mabao 3–0. Katika nusu fainali dhidi ya Nigeria matokeo yalikuwa 1–1 hadi Omondi alipofunga bao la pili katika kipindi cha pili. Uganda ikaingia fainali kwa mara yake ya kwanza, na hadi leo ndiyo pekee. Mjini Accra, tarehe 16 Machi 1978, wenyeji walishinda 2–0, mabao yote yakifungwa na Opoku Afriyie.

Omondi alimaliza mashindano akiwa na mabao matatu, sawa na Afriyie na Segun Odegbami wa Nigeria, na hao watatu ndio waliokuwa wafungaji bora. Uganda haikurudi tena katika mashindano hayo hadi mwaka 2017.

== Baadaye ==
Mwaka 1979 serikali ya Idi Amin iliangushwa kwa vita. Omondi alikwenda kucheza Sharjah, katika Falme za Kiarabu, kisha akarudi KCC, na baadaye akawa kocha wa klabu hiyo. Alifariki akiwa bado mtu wa makamo.

== Sifa ==
Waganda wanapotaja wachezaji wao bora wa nyakati zote, ubishi huwa mara nyingi kati yake na Majid Musisi, aliyefika hadi Rennes ya Ufaransa. Kuwapanga kwa namba ni kazi ngumu, kwani mechi nyingi za ligi za wakati wa Omondi hazikurekodiwa, na vijana wa leo wanamjua kwa kusimuliwa tu. Uwanja wa KCC uliopo Lugogo ulipewa jina lake.